Nani Ameshika Ufunguo wa Hazina?

Toka Hombolo hadi viwanja vya Bunge mjini Dodoma ni mwendo wa kilomita zipatazo 40. Waislamu wa Kigoma, wa Mtwara au wa Pemba wakitaka kumwona mbunge wao akiwa kazini husafiri siku nzima na pengine zaidi. Sisi twaweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya alasiri. Hata hivyo, ukaribu wa njia si ukaribu wa fahamu. Simama nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, uulize ni fungu gani katika vitabu vya bajeti ya nchi linalobeba fedha za mkoa wetu, utaona vichwa vikitikiswa. Fungu hilo ni la 72. Ndani yake mna fedha za ofisi ya mkoa na ruzuku za halmashauri zake, ikiwemo ya Jiji ambalo Hombolo imo ndani yake. Kila mwaka wabunge huliidhinisha, na kila mwaka sisi tunaofuata matokeo yake hatujui kama limeidhinishwa lini, kwa kiasi gani, wala kwa kura ya nani.

Kwa muda mrefu macho yetu kulielekea Bunge yamekuwa na shabaha moja tu, nayo ni Mahakama ya Kadhi. Ilani ya chama tawala ya mwaka 2005 ililitaja suala hilo, tukatumaini. Mwaka 2015 muswada uliolihusu ukaondolewa kabla ya kupigiwa kura, tukasononeka, tukaandika, tukahutubia. Hatusemi kwamba jambo lile halikustahili juhudi hizo. Tunachosema ni kwamba katika miaka hiyo hiyo zilipita sheria nyingi nyingine zilizogusa mifuko na matumbo ya waumini hao hao, ilhali sisi tumegeukia upande mwingine. Mkulima wa uwele, mama muuza samaki wa bwawani na kijana wa bodaboda hawakupata msikiti hata mmoja uliowaeleza kilichokuwa kikipitishwa juu ya vichwa vyao.

Tuanze na msingi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 imelipa Bunge madaraka kadhaa, lakini yaliyo mazito ni mawili. Moja ni la kutunga sheria, ambalo limo katika Ibara ya 64. La pili ni la fedha. Ibara ya 138 haikuruhusu kodi ya aina yoyote itozwe ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliopewa nguvu na sheria hiyo. Kadhalika, fedha zilizomo katika Mfuko Mkuu wa Hazina hazichotwi ila kwa idhini ya Katiba au ya sheria. Maana yake ni kwamba shilingi inayotoka mfukoni mwa raia, na shilingi inayotoka Hazina kwenda kununua dawa au kuchimba kisima, zote mbili zinapaswa kupita mbele ya wawakilishi wa wananchi kabla hazijasogea.

Wazo hili halikuzaliwa kwetu. Wamarekani waliliandika katika Katiba yao ya mwaka 1787, kwamba fedha hazitatoka Hazina ila kwa sheria, na wakalikabidhi Bunge lao liitwalo Kongresi, lenye wajumbe 435 katika Baraza la Wawakilishi na 100 katika Seneti. Rais wa Marekani hupeleka mapendekezo yake ya bajeti, lakini mapendekezo hayo ni maombi tu. Wanaoandika miswada ya matumizi, ambayo kwa kawaida huwa 12 kila mwaka, ni wabunge wenyewe katika kamati zao. Wakitaka huongeza, wakitaka hupunguza, wakitaka hufuta kabisa. Rais akikataa kutia saini, theluthi mbili za kila baraza zaweza kuipitisha sheria bila ya ridhaa yake, naye hana uwezo wa kuwavunjia Bunge lao na kuwarudisha makwao.

Kwetu mambo yamepangwa vingine, na hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu wasome pole pole. Kwanza, kwa mujibu wa Ibara ya 62, Rais mwenyewe ni sehemu mojawapo ya Bunge. Sehemu ya pili ndiyo wabunge. Pili, Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia muswada wa kutoza kodi, au wa kuibadilisha kodi kwa namna isiyokuwa ya kuipunguza, au wa kutumia fedha za Mfuko Mkuu, isipokuwa Rais awe ametoa pendekezo hilo kupitia kwa Waziri. Mbunge wa kawaida anaweza kuomba, kusihi, kulalamika na hata kulia machozi, lakini hawezi kuleta muswada wa kuiongezea zahanati ya kata yake hata shilingi mia moja.

Ndipo wabunge wakabuni njia yao ya kusikika, nayo ni ile inayoitwa kushika shilingi. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, fungu moja baada ya jingine, mbunge asiyeridhika na majibu husimama akatangaza kwamba atashika shilingi katika mshahara wa Waziri mpaka apate maelezo. Wenzake humuunga mkono au hawamuungi. Waziri husimama, hutoa ahadi, husema jambo hilo litafanyiwa kazi. Mbunge huridhika, huiachia shilingi, na fungu hupita. Muda ukiisha kabla mafungu hayajaisha, huletwa ile wanayoiita gilotini, na yaliyosalia hupitishwa kwa mkupuo. Hatuidharau shilingi hiyo. Ahadi iliyotolewa mbele ya Bunge huandikwa katika Hansadi, na mwandishi au mwananchi mwenye subira aweza kuifufua mwaka unaofuata. Lakini na tusijidanganye kwamba aliyeishika shilingi moja ameushika ufunguo wa Hazina.

Lililo zito zaidi limo katika Ibara ya 90. Rais anaweza kulivunja Bunge iwapo litakataa kuipitisha bajeti iliyopendekezwa na Serikali. Mwisho wa mjadala wa bajeti, mwezi Juni, wabunge huitwa kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja hutamka kura yake. Mbunge anayesema hapana anajua kwamba wakiwa wengi wa namna yake, wote wanaweza kurudi majimboni kuomba kura upya, na kugharimia kampeni upya, kabla muda wao haujaisha. Basi tumwelewe kwa uadilifu. Hatumwachii udhuru, lakini tuone pia jinsi kiti chake kilivyofungwa kamba na mkono ule ule anaotakiwa kuuchunga. Tangu uhuru hakuna bajeti ya Serikali iliyokataliwa na Bunge letu.

Mfano ulio karibu na kumbukumbu zetu ni ule wa tozo za miamala ya simu.

Mwezi Juni 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Uchaguzi wa Oktoba 2020 ulikuwa umewaacha wapinzani na viti vichache mno, kwa hiyo sauti ya kupinga ilikuwa nyembamba. Sheria hiyo iliongeza katika Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa kifungu cha kutoza kila muamala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000, kutegemea kiasi kinachotumwa au kutolewa. Kiwango cha kila daraja hakikuwekwa na Bunge. Bunge liliweka sakafu na dari, kisha likamwachia Waziri ajenge nyumba ndani yake kwa njia ya kanuni. Na Waziri, Bwana Mwigulu Nchemba kwa wakati huo, akaijenga. Tarehe 15 Julai 2021 makato yakaanza. Pamoja nayo zilikuja shilingi 100 juu ya kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara, na kodi ya majengo ikaunganishwa na ununuzi wa umeme wa LUKU.

Walioathirika tunawajua. Ni mzazi wa Tabora anayemtumia mwanawe fedha ya chakula katika Chuo cha Serikali za Mitaa hapa Hombolo. Ni mtoto aliyeko Dar es Salaam anayemtumia bibi yake elfu ishirini ya dawa, akakatwa anapotuma, na bibi akakatwa tena anapotoa, juu ya makato ya kampuni yenyewe. Serikali ilieleza kwamba fedha hizo zinajenga vituo vya afya na madarasa, na kweli vipo vilivyojengwa. Sisi hatupingi watu kuchangia maendeleo yao. Swali letu ni jingine: katika wiki zile za Juni, ni nani ndani ya ukumbi ule aliyepiga hesabu ya bibi huyo?

Malalamiko yalipozidi, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza jambo hilo litazamwe upya. Viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30 mnamo Septemba 2021, kwa kanuni, bila ya Bunge kuitwa. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 dari ilishushwa hadi shilingi 4,000, lakini tozo ikatandazwa hadi kwenye miamala ya benki. Kelele zikaanza upya, na kuanzia Oktoba 2022 baadhi ya makato hayo yakaondolewa. Hatimaye, kuanzia Julai 2023, tozo ya kutuma fedha ikafutwa, ikabaki ya kutoa. Katika safari yote hiyo ya miaka miwili Bunge lilikuwapo na lilikaa, lakini aliyepandisha ni Waziri, na aliyeshusha ni Waziri huyo huyo kwa agizo la Rais. Wananchi walijifunza kwamba ukitaka kodi ipungue, usimwendee uliyemchagua kwa kazi hiyo. Piga kelele mpaka Ikulu isikie. Hilo ni funzo baya kwa nchi yenye Katiba. Wakenya walilipata kwa njia ya machungu zaidi: Juni 2024 wabunge wao waliupitisha Muswada wa Fedha huku vijana wakiwa barabarani, damu ikamwagika, na siku ya pili yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini.

Kuna kisa kingine kilichotokea hapa hapa Dodoma. Septemba 2021 nchi ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa takribani shilingi trilioni 1.3. Mwishoni mwa Disemba mwaka huo Spika wa Bunge, Bwana Job Ndugai, mbunge wa Kongwa na jirani yetu, alizungumza katika mkutano mjini Dodoma akaeleza wasiwasi wake juu ya deni la Taifa, na kwamba ni heri kujenga nchi kwa tozo zetu wenyewe kuliko kukopa. Mtu aweza kukubaliana naye au kumpinga. Sisi tulikuwa na shaka kubwa juu ya hizo tozo alizokuwa akizitetea. Lakini deni la Taifa ni jambo la fedha za umma, na mkuu wa chombo chenye madaraka juu ya fedha za umma ndiye wa kwanza kustahiki kulisemea. Tarehe 3 Januari 2022 aliomba radhi hadharani. Tarehe 6 Januari alijiuzulu uspika. Bwana Ndugai amekwisha fariki dunia, Agosti 2025, na hatuna nia ya kumhukumu; tunataka msomaji apime tu ni Bunge la namna gani ambalo Spika wake hupoteza kiti kwa kusema juu ya mkopo.

Na uadilifu unatulazimu tukumbushe kwamba ni Bunge hilo hilo, chini ya Spika huyo huyo, lililomfanyia jambo la kufanana na hilo mtu mwingine. Profesa Mussa Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alihojiwa mwishoni mwa 2018 na redio ya Umoja wa Mataifa kuhusu ripoti zake zisizofanyiwa kazi, akasema hilo ni udhaifu wa Bunge. Akaitwa mbele ya kamati, akahojiwa, na tarehe 2 Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba mwaka huo akaondoka katika nafasi hiyo na mwingine akateuliwa. Mkaguzi ndiye jicho la Bunge. Kwa Ibara ya 143 ripoti zake humfikia Rais, kisha huwekwa mezani mwa wabunge ili waone kilichofanyika kwa fedha walizoziidhinisha. Chombo kilichochagua kufumba jicho lake chenyewe kwa sababu lilikiona vibaya, kilikuwa kinathibitisha neno lile lile kilicholikasirikia.

Tusije tukadhaniwa kuwa hatuna jema la kulisema Bunge. Februari 2008 kamati teule iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Bwana Zitto Kabwe ilileta ripoti ya akaunti ya Tegeta Escrow, fedha zipatazo shilingi bilioni 306, na katika wiki zilizofuata Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili wakaachia nafasi zao, kwa kujiuzulu au kwa kuondolewa. Katiba ilikuwa hii hii, Ibara ya 90 na ya 99 zilikuwamo humo humo. Kwa hiyo kamba tuliyoitaja inabana, lakini haijawahi kumnyima pumzi mbunge mwenye kutaka kupumua. Tofauti ya miaka ile na iliyofuata ni kwamba ndani ya chama tawala kulikuwa na waliothubutu kupingana, upinzani ulikuwa na viti vya kutosha kuongoza kamati kwa nguvu, na wananchi walikuwa wakiwatazama moja kwa moja katika televisheni, mpaka Januari 2016 Serikali ilipotangaza kuyaondoa matangazo hayo katika TBC kwa hoja ya gharama.

Twende sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini, nalo halizungumzwi sana: tofauti baina ya fedha iliyoidhinishwa na fedha iliyotolewa. Mwananchi akisikia redioni kwamba Bunge limepitisha mabilioni kwa ajili ya kilimo, hudhani mabilioni hayo yamekwisha kupakiwa. La, hasha. Kuidhinishwa ni ruhusa ya kutumia. Kutoka kwa fedha ni shauri la Hazina. Katika mwaka wa fedha wa 2016/17 Wizara ya Kilimo iliidhinishiwa takribani shilingi bilioni 100 za maendeleo. Mei 2017, mwaka ukiwa umebakiza chini ya miezi miwili, ilikuwa imepokea chini ya asilimia 4 ya fedha hizo. Wizara ya Maji ilikuwa imepata kiasi cha moja ya tano tu ya fedha zake za maendeleo. Wabunge walikasirika kweli kweli mwaka huo, hasa juu ya maji, mjadala ukarefuka. Kisha bajeti mpya ikapita.

Sisi wa Hombolo tunaokaa kando ya bwawa lililojengwa mwaka 1957, wakati wa mkoloni, na ambalo mwaka hadi mwaka linapungua kina kwa tope linaloteremka na mito, tuna sababu ya kuzitazama hesabu hizo kwa makini. Hatudai kwamba fedha za kulizibua zilikuwamo katika zile ambazo hazikutoka. Tunasema kwamba mtu anayengojea maji au mbegu hafaidiki na tarakimu iliyobaki ndani ya kitabu. Miaka ya karibuni bajeti ya kilimo imepandishwa sana, kutoka kiasi cha shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na tunaipongeza hatua hiyo. Bado swali linabaki lile lile: ngapi zimetoka, lini, na zimefika wapi?

Na wakati mwingine sheria yenyewe ndiyo inayopindishwa ili ifuate fedha. Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi wanakijua kisa cha ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje. Sheria iliagiza asilimia 65 ya ushuru huo irudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao hilo, kwa ajili ya pembejeo na utafiti. Fedha zikawa hazirudi. Juni 2018 wabunge wa kusini walisimama wakazidai, wakasema kwa uchungu. Jibu lililokuja ni Sheria ya Fedha ya 2018, iliyokifuta kifungu chenyewe na kuupeleka ushuru wote Mfuko Mkuu. Bunge lililotunga haki ile ndilo lililoifuta, siku zile zile watu walipokuwa wakiidai.

Mwaka huo huo wa 2018 Bunge lilifanya pia jambo jema. Liliweka ndani ya sheria wajibu wa halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Neno "isiyo na riba" lilitosha kuwafanya waumini wengi waithamini mikopo hiyo kuliko ile ya mitaani. Lakini Aprili 2023, baada ya Mkaguzi kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi hewa, Serikali ilisimamisha utoaji wake ili kutafuta utaratibu mpya, na haukurejea mpaka katikati ya 2024. Sababu ilikuwa na uzito. Hata hivyo, kwa zaidi ya mwaka mzima sheria ilikuwa hai kitabuni huku utekelezaji wake ukiwa umelazwa kwa tangazo. Kikundi cha akina mama kilichorejesha kila senti kilingoja pamoja na vikundi vya wadanganyifu.

Huenda msomaji akasema: basi na tuige ya Wamarekani. Hapo pia tuwe na tahadhari. Wabunge wao wakishindwa kuelewana, fedha husimama na Serikali hufunga milango. Kati ya Oktoba na Novemba 2025 ilifungwa kwa siku 43, na watumishi wengi wakakaa bila mshahara. Na hata huko Rais hujaribu kuikalia fedha iliyoidhinishwa. Richard Nixon alifanya hivyo, na Kongresi ikatunga sheria ya kumzuia mwaka 1974. Januari 2025 Rais Donald Trump alisitisha misaada ya nje kwa siku 90, nayo ilikuwa fedha iliyokwisha kuidhinishwa na wabunge. Julai yake Kongresi yenyewe, kwa ombi lake, ikafuta takribani dola bilioni 9, nyingi zikiwa za misaada hiyo.

Jambo hilo halikuwa la mbali nasi. Sheria iliyopitishwa Washington mwaka 2003, ya dola bilioni 15 kwa miaka mitano dhidi ya UKIMWI, ndiyo iliyozifikisha dawa za kufubaza virusi kwenye vituo vingi vya nchi hii. Mkono uliosaini usitishaji kule ulitikisa kliniki huku, na watumishi wa miradi wakarudishwa nyumbani. Februari 2025 Bunge letu likaidhinisha bajeti ya nyongeza ambayo ndani yake zilikuwamo fedha za dawa hizo. Kwa kitendo hicho wabunge wetu walitumia madaraka yao yapasavyo. Na kwa kitendo hicho pia tuliona ni miaka mingapi uhai wa watu wetu ulikuwa umeandikwa katika bajeti ya watu wengine, ambao hatukuwachagua na ambao hatuna pa kuwauliza.

Msimamo wetu, basi, ni huu. Ibara ya 90 inahitaji kurekebishwa ili kuikataa bajeti kusiwe sababu ya kulivunja Bunge; bajeti ikikataliwa irudishwe, irekebishwe, na matumizi ya lazima yaendelee kwa kiasi cha mwaka uliopita hadi maafikiano. Viwango vya kodi na tozo viandikwe ndani ya sheria, visiachwe kwenye kanuni za Waziri. Na kila Bunge la Bajeti lianze kwa kusomewa, wizara kwa wizara na mkoa kwa mkoa, kiasi kilichoidhinishwa mwaka unaoisha na kiasi kilichotoka, kabla mtu hajaomba kipya. Mchakato wa Katiba mpya uliokwama baada ya 2014 utakapofufuliwa, Waislamu wasiingie wakiwa na ajenda moja mkononi.

Hayo yatachukua muda. Lakini kuna yasiyongoja Katiba. Bunge la Bajeti hukutana kila Aprili. Majina ya waliosema ndiyo na waliosema hapana huandikwa katika Hansadi, na Hansadi si siri. Mbunge akija jimboni aulizwe kura yake, kwa adabu, mbele ya watu. Diwani aulizwe katika mkutano wa mtaa robo hii zimepokelewa ngapi kati ya zilizopangwa. Na tunalo hapa Hombolo jambo ambalo kata nyingi za Tanzania hazina: chuo kizima kinachofundisha hesabu na uendeshaji wa serikali za mitaa. Tunawaomba wanafunzi Waislamu wa chuo hicho wajitolee jioni moja kila mwezi, baina ya Magharibi na Isha, wawasomee jamaa msikitini vitabu vya bajeti na kuwafafanulia. Vitabu ni vinne. Cha tatu ndicho chenye matumizi ya kawaida ya mikoa na halmashauri, na cha nne kina miradi ya maendeleo. Waanze na cha tatu, Fungu 72.